Mshiko Uliozidi: Uchambuzi wa Kisa cha Matairi ya Gari la Mfuo Katika Mbio za Klabu

Usuli

Mbio za magari ya mfuo ni mchezo wa magari madogo ya umeme yanayokimbia juu ya barabara iliyochimbwa mifuo. Chini ya pua ya gari kuna ulimi wa plastiki unaozama kwenye mfuo, na kando ya ulimi huo kuna visuko viwili vya waya wa shaba vinavyochukua umeme, kwa kawaida wa volti 12, kutoka kwenye reli au utepe wa shaba uliolazwa pande zote mbili za mfuo. Dereva hana usukani. Anashika kidhibiti mkononi, anaongeza umeme kwenye sehemu iliyonyooka na kuupunguza kabla ya kona, basi. Kwa kuwa ulimi ndio unaoiongoza pua, kazi ya kulizuia gari lisiserereke inabaki juu ya matairi mawili ya nyuma, na ndiyo maana wazoefu wa mchezo huu huzungumzia matairi muda mrefu kuliko wanavyozungumzia mota.

Kisa hiki kilitokea Uingereza, nchi ambako mchezo wenyewe uliingia majumbani baada ya Fred Francis wa kampuni ya Minimodels kuzindua Scalextric mwaka 1957. Hadi leo klabu nyingi za huko hukutana jioni za katikati ya wiki kwenye kumbi za makanisa, za shule au za vijiji. Jina la klabu, mji, mwaka na majina ya wahusika yameondolewa; mhusika mkuu ataitwa dereva, na mzoefu aliyeunda naye timu ataitwa mwenzake.

Dereva alikuwa amecheza nyumbani na watoto wake kwa muda mrefu, kwenye barabara ya plastiki yenye reli za chuma, kwa gari lenye sumaku chini ya tumbo. Sumaku hiyo huvutwa na reli na kulibana gari chini, hata mtu asiye na ustadi aweze kuingia konani kwa kasi bila kuanguka. Barabara ya klabu ilikuwa jambo jingine kabisa. Ilikuwa ya MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, uliochongwa mifuo sita, ukapakwa rangi ya maji isiyong’aa, na umeme wake ulipita kwenye utepe wa shaba. Shaba haivutwi na sumaku. Hata kama kanuni za klabu zisingepiga sumaku marufuku, hapo isingesaidia kitu, na gari la dereva lililoonekana hodari nyumbani lilianguka karibu kila kona siku ya kwanza alipolileta ukumbini.

Mbio na kanuni zake

Mbio zilizokuwa zikitayarishwa ni za kufunga msimu, za timu za watu wawili. Kila timu ilikimbia raundi moja ya dakika 20 katika kila moja ya njia sita, na mshindi alikuwa timu yenye jumla kubwa ya mizunguko, si timu yenye mzunguko mmoja wa kasi zaidi. Gari lililotoka kwenye mfuo lilirudishwa na msimamizi aliyesimama pembeni ya kona, na kazi hiyo ilichukua wastani wa sekunde 6 hivi tangu gari linapotoka hadi linaporudia mwendo wake. Magari yalikuwa ya kipimo cha 1 kwa 32, yaani urefu wa gari halisi ukigawanywa kwa 32, ya umbo la magari ya mbio za GT, yenye mota iliyolala kwa urefu wa gari, pinioni (gia ndogo ya kwenye mota) ya meno 9 na gia kubwa ya ekseli ya meno 28.

Kuhusu matairi, kanuni zilikuwa fupi. Matairi ya silikoni marufuku. Mafuta au dawa yoyote ya kulainisha tairi marufuku. Seti moja ya matairi ya nyuma hukaguliwa kabla ya mbio na kutumika mpaka mwisho. Kati ya raundi na raundi timu iliruhusiwa kuondoa vumbi kwa utepe wa kunata, au kufuta tairi kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya kujazia viberiti, ambayo hukauka yenyewe na hayaachi utando.

Marufuku ya silikoni iliwashangaza wageni, akiwemo dereva, kwa sababu kwenye rangi laini na safi silikoni hushika vizuri sana, wala haichakai haraka. Tatizo lake ni kwa majirani. Silikoni huacha utando mwembamba juu ya barabara, na matairi ya mpira yanayopita hapo baadaye hupoteza mshiko. Klabu yenye wanachama wengi wa mpira haiwezi kuwaruhusu wachache wa silikoni kwenye ubao mmoja. Lazima ichague upande. Kwa maoni yangu kanuni hiyo ndiyo iliyolinda mbio hizi zisigeuke bahati nasibu, maana bila hiyo mshiko wa kila njia ungetegemea gari lililopita mwisho.

Matairi yaliyokuwa mezani

Silikoni ikiwa nje, dereva alibaki na machaguo matatu.

La kwanza lilikuwa matairi ya mpira yaliyokuja na gari kutoka kiwandani. Ni magumu kiasi, yana mistari ya mapambo inayopunguza eneo linalogusa ubao, na mara nyingi si duara kamili. La pili lilikuwa yurethani, aina ya plastiki inayonyumbuka, ambayo sifa yake kubwa ni kuvumilia uchafu: hushika vizuri hata barabara ikiwa na vumbi jepesi, hukubali msasa kwa urahisi, na tabia yake haibadiliki sana tangu mwanzo wa jioni hadi mwisho. La tatu lilikuwa mpira laini wa mashindano unaouzwa na watengenezaji wa vipuri, usio na mistari, unaoshika sana ukipata joto na ukikanyaga barabara ambayo tayari ina mpira juu yake.

Maneno hayo ya mwisho yahitaji kufafanuliwa, kwa sababu kisa kizima kimesimama juu yake. Gari la tairi la mpira linapokimbia huacha chembe za mpira kwenye ubao. Magari mengi yakikimbia saa moja au mbili, kila njia hupata mstari mweusi hafifu pale matairi yanapopita, na mpira juu ya mpira hushikana kuliko mpira juu ya rangi tupu. Ukumbi nao hupata joto kadiri watu na vipasha joto vinavyofanya kazi, na mpira laini hufaidika na joto hilo. Kwa hiyo tairi la mpira la saa moja usiku si tairi lile lile la saa tatu usiku, ingawa halijaguswa na mkono wa mtu. Yurethani nayo hufaidika na mabadiliko hayo, lakini kwa kiasi kidogo.

Yaliyotokea: gari linalorukaruka

Shida ya kwanza ilionekana kwenye sehemu iliyonyooka, si konani. Gari lilitetemeka nyuma na kutoa mlio kama wa kugongagonga, na lilipofika konani likiwa bado linatetemeka, lilitoka. Dereva aliamua kwamba matairi ya kiwandani hayafai, akanunua seti ya yurethani, akaivalisha. Mtetemo haukupungua hata kidogo.

Mwenzake alipoitwa hakuyalaumu matairi. Aliyavua yote mawili, akaliweka gari juu ya kipande cha kioo, akazungusha ekseli taratibu kwa kidole. Ringi moja ilikuwa ikiyumba. Alipoitoa ekseli na kuiviringisha juu ya kioo, ikaonekana imepinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona ikiwa bado ndani ya gari. Na bushi mbili zinazoishikilia zilikuwa zimelegea kwenye vikalio vyake, hivyo ekseli ilikuwa ikipanda na kushuka kila mota iliposukuma. Ekseli ilibadilishwa, bushi zikabandikwa kwa tone dogo la gundi zikiwa zimenyooshwa, ringi iliyoyumba ikatupwa. Matairi ya kiwandani yaliporudishwa kwa majaribio tu, mtetemo ulikuwa umekwisha kwa sehemu kubwa.

Fedha ya yurethani haikupotea, kama itakavyoonekana, lakini ununuzi wenyewe haukuwa na sababu. Tairi haliwezi kuwa duara juu ya ringi isiyo duara, na ukilichonga kwa msasa likiwa juu ya ekseli iliyopinda utapata tairi linalolingana na kasoro hiyo na si jingine.

Yaliyotokea: gundi na msasa

Baada ya hapo zilitayarishwa seti mbili sambamba, moja ya yurethani na moja ya mpira laini, kila moja juu ya ringi zake na ekseli yake, ili kubadilisha kuwe kazi ya dakika chache.

Matairi yalibandikwa kwenye ringi. Wapo wanaoona hatua hii ni ya kujisumbua kwa sababu tairi jipya hubana lenyewe. Hesabu inasema vinginevyo. Mota ya darasa hilo huzunguka takriban mara 20,000 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Ikigawanywa kwa uwiano wa 28 kwa 9, gurudumu hupata zaidi ya mizunguko 6,400 kwa dakika. Kwenye tairi la kipenyo cha milimita 20, kila chembe ya mpira iliyo juu ya uso wa tairi inavutwa nje kwa nguvu inayozidi mara 400 ya uzito wake. Hata kama gari barabarani halifikii kasi hiyo kamili, tairi ambalo halikubandikwa hutanuka katikati, hugusa ubao kwa ukanda mwembamba, na wakati wa kufunga umeme kwa ghafla huweza kuteleza juu ya ringi yake. Kwa mpira laini walitumia gundi ya kubandikia viatu, ambayo hubaki inanyumbuka na humpa mtu muda wa kuliweka tairi sawa. Kwa yurethani walitumia supaglu kidogo sana, wakijua kwamba ikivuja pembeni hukauka ngumu na kutengeneza ukingo usioshika.

Kisha ikaja kazi ya kukereza, yaani kulizungusha tairi juu ya msasa mpaka liwe duara na uso wake ulale sawasawa. Klabu ilikuwa na mashine ndogo ya kazi hiyo, lakini dereva alitaka kuanzia nyumbani. Alibandika msasa kwenye ubao ulionyooka, akaweka pua ya gari juu ya kipande cha mbao chenye unene sawa na msasa na ubao wake, akaipa mota umeme, akakandamiza sehemu ya nyuma kwa kidole. Alikosea mambo mawili. Alitumia volti zote 12, na mpira ukapata joto, ukang’aa na kuanza kuvimbavimba badala ya kuchongeka. Na kwa sababu hakukandamiza sawasawa, matairi yalitoka yakiwa na umbo la pia: kipenyo cha upande wa ndani kilikuwa kikubwa kuliko cha upande wa nje.

Kasoro hiyo haikuonekana kwa macho. Iligunduliwa ukumbini, pale mwenzake alipopaka uso wa tairi wino wa kalamu nzito na kulikimbiza gari mizunguko michache. Wino ulifutika kwenye theluthi ya ndani pekee. Sehemu iliyobaki ya tairi ilikuwa inasafiri hewani bila kufanya kazi. Ni jaribio la bure, halihitaji chombo, na nashangaa jinsi lilivyo adimu hata miongoni mwa watu wanaomiliki vipimo vya bei kubwa.

Walirudia kwa mashine ya klabu, kwa volti 4 hivi, wakigusa na kuachia ili tairi lipoe, kwanza kwa msasa wa namba 180, ulio mkali, kisha kwa wa 400, ulio laini zaidi, mpaka wino ukafutika sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Kipenyo kiliteremka kutoka milimita 20 hadi 19.2. Upungufu huo wa milimita 0.8 una matokeo mawili ambayo dereva hakuyatarajia. Gari lilishuka nyuma kwa milimita 0.4, jambo zuri kwa uthabiti, ingawa gia kubwa ilikaribia kugusa ubao na ikabidi ipimwe nafasi yake. Na kwa kuwa mzingo wa tairi ulipungua kutoka milimita 62.8 hadi 60.3, gari likawa linasafiri pungufu kwa asilimia 4 kwa kila mzunguko wa mota, ambayo ni karibu sawa na kuongeza jino moja kwenye gia kubwa: mwendo wa kuanza huchangamka, kasi ya mwisho hupungua. Kwenye barabara ya klabu, iliyojaa kona na yenye sehemu moja tu ndefu iliyonyooka, badiliko hilo lilikuwa faida.

Uamuzi wa kwanza: yurethani au mpira laini

Dereva alizijaribu seti mbili mchana wa mwisho wa juma, ukumbi ukiwa mtupu na baridi, barabara ikiwa imetoka kufyonzwa vumbi na kupanguswa. Yurethani ilishinda waziwazi. Mpira laini uliteleza mpaka mwisho wa majaribio. Akaamua kwamba seti ya mbio ni yurethani, na sababu yake ilionekana ya busara: alikuwa amepima, hakukisia.

Mwenzake alikataa kipimo hicho. Hoja yake ilikuwa kwamba mbio hazitakimbiwa mchana, peke yao, kwenye ubao uliopanguswa. Alitaka majaribio yarudiwe usiku wa klabu, baada ya raundi za kawaida kumalizika, barabara ikiwa imekanyagwa na magari ya watu wote. Yaliporudiwa, matokeo yaligeuka. Kwenye njia ile ile, kwa dereva yule yule, yurethani ilitoa mizunguko ya takriban sekunde 9.2 na mpira laini takriban 9.0.

Uamuzi ukawa mpira laini. Lakini ukazaa tatizo jipya mara moja: gari lenye kasi zaidi ndilo lililoanguka zaidi, na halikuanguka kwa kuserereka kama zamani. Lilikuwa likipinduka.

Uamuzi wa pili: kushughulikia mshiko uliozidi

Gari linaloingia konani kwa kasi lina njia mbili za kushindwa. Mshiko ukiwa mdogo, mkia huserereka nje, na dereva mzoefu huona dalili mapema na kupunguza umeme. Mshiko ukizidi kiwango fulani, tairi la nje hung’ang’ania ubao, uzito wa gari unaendelea kwenda nje, na gari linainuka upande wa ndani na kulala chali kabla dereva hajaona chochote. Kiwango hicho kinategemea upana wa gari ukilinganishwa na kimo cha uzito wake. Na kwa gari la mfuo, ambalo mbele limeshikwa na ulimi mmoja wa katikati, upana wenyewe ni wa pembetatu na si wa mstatili, hivyo kiwango hufikiwa mapema kuliko mtu anavyodhani akitazama magurudumu manne.

Rai ya dereva ilikuwa kurudi kwenye yurethani. Hesabu ya mwenzake, iliyoandikwa nyuma ya karatasi ya ratiba, ilikuwa hivi: kwa mizunguko ya sekunde 9, raundi ya dakika 20 ina mizunguko 133, faida ya sehemu mbili za kumi za sekunde kwa kila mzunguko ni sekunde 26 na ushei, anguko moja linagharimu sekunde 6. Gari la mpira laini likianguka mara nne zaidi ya lile la yurethani katika raundi moja bado linaongoza kwa kucha. Likianguka mara tano, limeshapoteza kila kitu. Katika mazoezi lilikuwa likianguka zaidi ya hapo. Kwa hiyo dereva alikuwa sahihi kuhusu gari kama lilivyokuwa usiku ule. Swali lilikuwa kama maanguko yangepunguzwa bila kuutupa mshiko.

Walikubaliana kubadilisha jambo moja kwa kila jaribio. La kwanza lilikuwa ukingo wa nje wa tairi, ambao baada ya kukerezwa ulikuwa mkali kama ukingo wa rula. Ukingo kama huo huuma ubao gari linapoanza kulala. Uliviringwa kwa msasa wa 400 mpaka ukawa na mviringo wa kama nusu milimita, na hapo peke yake kupinduka kukapungua sana, kwa sababu tairi sasa lilianza kuserereka kidogo kidogo badala ya kushika mpaka dakika ya mwisho kisha kulipindua gari. La pili lilikuwa skrubu za bodi, zilizolegezwa zamu moja ili bodi icheze juu ya chasisi na isiusukume uzito wote kwa mkupuo mmoja. La tatu lilikuwa matairi ya mbele. Hayo hayatakiwi kushika kabisa: hayageuki, yamefungwa kwenye ekseli moja, na yakishika konani huburuta na kuuinua ulimi kutoka kwenye mfuo. Yalipakwa rangi ya kucha isiyo na rangi, mikono miwili, na kimo chake kikapunguzwa mpaka yakawa yanagusa ubao kwa shida ulimi ukiwa umezama wote.

La nne, la kuongeza gramu 5 za risasi, yaani ile metali nzito, kila upande wa chasisi, lilijaribiwa na kuachwa. Lilitoa utulivu zaidi, lakini gari lilichelewa kuchomoka kwenye kona za polepole na lilihitaji kufungiwa umeme mapema. Mwenzake alipenda risasi ibaki. Dereva alikataa, na safari hii rai yake ndiyo iliyofuatwa.

Mwishoni gari lilikuwa likitoa sekunde 9.1 kwa utulivu, na maanguko yalikuwa ya hapa na pale.

Matokeo

Katika raundi nne za mwanzo mpango ulifanya kazi. Timu ilianza vibaya kidogo, wakati ukumbi ukiwa bado na baridi, kisha ikapanda kadiri njia zilivyozidi kuwa nyeusi. Kati ya raundi walitumia utepe wa kunata tu.

Raundi ya tano iliwakuta kwenye njia ya ukingoni, ambayo wanachama huikwepa katika mazoezi na ambayo kwa hiyo ilikuwa na vumbi zaidi na mpira haba. Tairi laini lilikusanya vumbi hilo lote ndani ya mizunguko michache. Hapa ndipo yurethani ingekuwa bora, na timu zilizokuwa nayo zilionekana kutojali njia ya ukingoni ni ya aina gani.

Kabla ya raundi ya sita, dereva, akiona matairi yamekuwa ya kijivu, aliacha utepe na kuyafuta kwa mafuta ya kiberiti, tena kwa wingi, mwanzo wa raundi ukiwa umekaribia. Mafuta yale ni halali na husafisha vizuri kuliko kitu kingine chochote. Lakini mpira laini huyanywa juujuu na huhitaji muda yatoke. Gari liliingia barabarani likiwa na uso wa tairi unaoteleza, likaanguka kwenye kona ya kwanza na tena kwenye ya tatu, na halikupata mshiko wake mpaka dakika kadhaa zilipopita. Timu ilimaliza ya nne kati ya timu 9. Pengo kati yao na timu ya tatu lilikuwa mizunguko miwili.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi katika kisa hiki ni kuanza chini kwenda juu: ekseli, bushi, ringi, gundi, umbo la tairi, na mwisho kabisa aina ya mpira. Wengi huanza na aina ya mpira kwa sababu ndiyo inayouzwa na ndiyo inayozungumzwa. Dereva mwenyewe alianza hapo. Ukweli ni kwamba baada ya kurekebisha ekseli na bushi, matairi ya kiwandani yalikuwa yamepata maboresho makubwa kuliko yale ambayo badiliko lolote la mpira lingeweza kuyaleta juu ya ekseli mbovu.

Majaribio ya mchana yalifanywa kwa uangalifu na bado yalitoa jibu la uongo, kwa kuwa yalipima matairi na kuisahau barabara. Namba zake zilikuwa sahihi kwa ukumbi mtupu wenye baridi na ubao uliopanguswa. Lililofanya jaribio la usiku liwe na thamani si kwamba lilirudiwa, bali kwamba lilirudiwa katika hali ya mbio. Hata hivyo nalo lilikuwa na upungufu ambao wote wawili hawakuuona: lilifanyika kwenye njia moja ya katikati, ile inayokanyagwa kuliko zote. Mbio zilikuwa za njia sita. Kama wangejaribu pia njia ya ukingoni wangejua mapema kwamba raundi moja kati ya sita itakuwa ya hasara, na wangepanga namna ya kuikimbia. Sidhani kwamba wangebadilisha uamuzi wa mpira laini. Hasara ya raundi moja isingezidi faida ya zile tano.

Kuviringa ukingo wa tairi ndiyo hatua iliyoleta mabadiliko makubwa kwa kazi ndogo, na naiweka juu ya risasi na juu ya skrubu za bodi. Tabia ya kuongeza risasi kila gari linapopinduka imeenea kwa sababu matokeo yake huonekana papo hapo, lakini uzito huo hubebwa kwenye kila mchomoko na kila ufungaji wa umeme wa saa mbili nzima. Dereva alifanya vizuri kuukataa. Hapa hoja ya mwenzake ilikuwa ya mtu aliyezoea barabara za zamani za klabu hiyo, zilizokuwa na kona pana zaidi.

Kuhusu mafuta ya kiberiti, kosa halikuwa katika kitu chenyewe bali katika wakati. Timu haikuwa imewahi kukijaribu kwenye seti ile. Walikuwa wamekereza, wamepaka wino, wamepima vipenyo kwa vernia, wamehesabu thamani ya anguko moja kwa sekunde, kisha katika dakika za mwisho wakatumia njia ya kusafisha ambayo hawakujua inachukua muda gani kukauka juu ya mpira wao. Mizunguko miwili ya kuikosa nafasi ya tatu inaelezeka yote kwa dakika zile za mwanzo wa raundi ya sita.

Limebaki suala la mafuta yaliyopigwa marufuku, ambalo liliulizwa na wanachama wapya baada ya mbio. Kwa miaka mingi kulikuwa na watu walioyaloweka matairi ya mpira kwenye mafuta mepesi ya mashine, au kuyapaka mafuta yenye harufu kali ya dawa ya kuchua misuli, ili yalainike. Yanalainika kweli. Lakini mpira uliokunywa mafuta huvimba, na ukivimba hauvimbi sawasawa, hivyo duara lililopatikana kwa saa za kukereza hupotea; tena sehemu ya mafuta hubaki kwenye ubao kwa ajili ya anayefuata. Kwa darasa la matairi yanayokerezwa kwa usahihi wa sehemu za kumi za milimita, ulowekaji huo unabomoa kazi iliyokwisha kufanywa.

Seti ya yurethani ilihifadhiwa ikiwa imeshakerezwa, ndani ya mfuko uliofungwa na mbali na jua, kwa ajili ya mbio za timu za msimu unaofuata zitakazofanyika kwenye ukumbi mwingine. Barabara ya huko hukunjwa na kuhifadhiwa ghalani, na hukanyagwa mara chache tu kwa mwaka.